KUTULIZA MOYO: KILA ZOEZI LINA KAZI YAKE



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya maji safi, vyoo na vyandarua. Leo tuzungumze juu ya moyo na mawazo. Hayo nayo ni afya.

Mfikirie mtu anayemwuguza mzazi wake aliyepooza. Alfajiri anamgeuza kitandani. Anamwosha. Anamlisha uji kwa kijiko. Kisha anakwenda shambani. Jioni anateka maji na kufua nguo za mgonjwa. Usiku anaamshwa mara tatu. Mwezi wa kwanza anafanya kazi hii kwa upendo. Mwezi wa sita kichwa kinamwuma kila siku. Usingizi hauji. Mgonjwa akiita mara moja tu, yeye anafoka. Akishafoka anaona aibu, anakwenda kulia peke yake nyuma ya nyumba.

Mtu huyu si mbaya. Amechoka moyo. Watu kama yeye huja zahanati kuomba dawa ya kichwa. Dawa hiyo hutuliza kichwa kwa saa chache. Lakini uchovu wa moyo unabaki pale pale.

Je, kuna la kufanya? Lipo. Yako mazoezi ya kutuliza moyo na mawazo. Hayahitaji fedha. Lakini si yote yanafanya kazi moja. Jembe hulima, shoka hukata mti, panga hufyeka. Ukichukua panga kwenda kulima, utachoka bure. Mazoezi haya nayo ni hivyo hivyo.

KUTAFAKARI NI NINI?

Mazoezi haya huitwa kutafakari, au taamuli. Usidhani maana yake ni kufikiri sana. Mtu mwenye deni hufikiri sana usiku kucha, wala hatulii. Kutafakari kwa namna hii ni kukaa kimya na kuyaelekeza mawazo yako mahali ulipochagua wewe.

Watu wa India na nchi jirani zake, hasa wafuasi wa Buddha, wamefanya mazoezi haya kwa zaidi ya miaka 2,000. Lakini kutulia kwa namna hii si mali ya dini moja. Waislamu wana dhikri. Wakatoliki wana rozari. Mwaka 2001 madaktari wa Italia walitangaza jambo walilolipima. Mtu anaposali rozari kwa Kilatini, pumzi zake hupungua hadi karibu 6 kwa dakika. Kwa kawaida mtu mzima huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Maneno ya kutafakari ya watu wa Tibet yalipopimwa, yalileta matokeo kama hayo hayo. Pumzi ikienda polepole, moyo nao hupata nafuu.

Kwa hiyo huhitaji kuacha dini yako ili ufanye mazoezi haya.

MAJARIBIO YA UJERUMANI

Nchini Ujerumani, katika miji ya Leipzig na Berlin, palifanyika jaribio kubwa kati ya mwaka 2013 na 2016. Kiongozi wake alikuwa mtaalamu mmoja mwanamke, Tania Singer. Watu wapatao 300 walishiriki. Hawakuwa watawa. Walikuwa watu wazima wa kawaida.

Wataalamu waliligawa funzo katika hatua tatu. Kila hatua ilichukua miezi 3. Kila hatua ilikuwa na aina yake ya zoezi. Watu walifanya mazoezi kwa dakika 30 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Baada ya kila hatua walipimwa. Walipimwa mate, walipimwa ubongo kwa mashine, na waliulizwa maswali. Hivyo wataalamu waliweza kujua zoezi hili linaleta nini, na lile linaleta nini.

Sasa tuyaangalie mazoezi hayo moja moja.

ZOEZI LA KWANZA: KUFUATA PUMZI

Kaa vizuri juu ya kigoda, au mkekani. Nyosha mgongo bila kuukaza. Funga macho, au tazama chini. Sikia hewa ikiingia puani. Sikia ikitoka. Usiisukume.

Baada ya muda mfupi mawazo yako yatakimbia. Yatakwenda kwenye ada ya shule, kwenye mbuzi aliyepotea, kwenye maneno ya jirani. Usijilaumu. Mchungaji hampigi ndama kila anapotoka kundini. Humrudisha tu. Nawe yarudishe mawazo kwenye pumzi. Yakikimbia tena, yarudishe tena. Kule kurudisha ndiko kazi yenyewe.

Zoezi hili linafaa nini? Kule Ujerumani watu waliolifanya walipata uwezo zaidi wa kuweka akili mahali pamoja. Pia walisema wanajisikia kuwa na wasiwasi kidogo kuliko zamani.

Lakini sikiliza jambo hili. Wataalamu waliwapa mtihani wa kutia hofu. Kila mmoja alisimama mbele ya watu waliomtazama bila kucheka wala kuitikia. Alitakiwa kutoa hotuba, kisha kufanya hesabu kwa kichwa. Mtu akiwa katika hofu ya namna hiyo, mwili wake hutoa kemikali iitwayo kortisoli. Kemikali hiyo inaweza kupimwa katika mate. Wale waliojifunza kufuata pumzi tu walisema hofu yao imepungua. Lakini kortisoli katika mate yao haikupungua. Mdomo ulisema nimetulia, mate yakasema bado.

Maana yake si kwamba zoezi la pumzi ni bure. Ni zoezi zuri la kuanzia. Lakini si dawa ya kila kitu.

ZOEZI LA PILI: KUTAKIA HERI

Katika zoezi hili huangalii pumzi. Unaamsha upendo moyoni kwa makusudi.

Kaa kama mwanzo. Mfikirie mtu unayempenda bila taabu, kama vile mtoto mchanga au bibi yako. Sema kimya kimya moyoni: "Uwe salama. Upate nafuu. Uwe na amani." Kisha jitakie wewe mwenyewe maneno hayo hayo. Wengi huona aibu hapa. Usione aibu. Anayeuguza naye ni mtu. Kisha mtakie mtu usiyemjua sana, kama yule muuza chumvi wa gulioni. Mwisho, siku utakapoweza, mtakie hata mtu mliyegombana.

Katika hatua hii watu wa Leipzig na Berlin walikuwa na zoezi jingine la kufanya wawili wawili. Ni zoezi la kusikilizana, na ni rahisi sana:

1. Mmoja anasema kwa dakika 5. Kwanza anasimulia jambo moja gumu la siku hiyo, na jinsi mwili ulivyojisikia. Kisha anasimulia jambo moja analolishukuru.

2. Mwenzake anasikiliza tu. Hatoi ushauri. Haulizi maswali. Hasemi, "Pole, hata mimi yalinipata."

3. Wanabadilishana. Aliyesikiliza sasa anasema, naye anasikilizwa.

4. Yaliyosemwa yanabaki kati yao. Hayatoki nje.

Wengi walilifanya zoezi hili kwa simu, na kila wiki walibadilishiwa mwenzi. Hapa kijijini huhitaji simu. Mtu na wifi yake wanaweza kukaa chini ya mti jioni.

Matokeo yalikuwaje? Hatua hii ndiyo iliyoongeza huruma kuliko nyingine. Na katika ule mtihani wa kutia hofu, kortisoli ilipanda kwa kiasi kidogo zaidi kwa watu waliopitia mazoezi ya upendo na ya kuelewa wenzao. Tofauti ilifika hadi asilimia 51 ukilinganisha na watu ambao hawakupata mafunzo hayo. Wataalamu walifikiri kwamba kule kusema na kusikilizwa kila siku bila kuhukumiwa ndiko kulikosaidia. Aliyezoea kumfungulia mtu moyo haogopi sana macho ya watu.

ZOEZI LA TATU: KUONA UPANDE WA MWENZAKO

Katika zoezi hili unayaangalia mawazo yenyewe. Wazo likija, usilifukuze, wala usilifuate. Liangalie kama mtu aliyekaa barazani anayeangalia wapita njia. Sema moyoni, "Hili ni wazo la hasira." "Hili ni wazo la hofu." Likipita, lipite.

Hapa pia palikuwa na zoezi la watu wawili. Mmoja anasimulia kisa chake akichukua upande mmoja wa moyo wake. Kwa mfano, anasema kama mama aliye ndani yake, au kama hakimu aliye ndani yake. Mwenzake anasikiliza na kutambua ni nani anayesema.

Zoezi hili liliwasaidia watu kuelewa fikra za wenzao. Kumbuka, kuelewa fikra za mtu ni jambo moja, na kumhurumia ni jambo jingine. Mlanguzi naye huelewa vizuri fikra za mkulima, ndiyo maana humpunja! Kwa hiyo zoezi hili liende pamoja na lile la pili.

Mashine za kupima ubongo nazo zilionyesha tofauti. Kila zoezi liligusa sehemu zake za ubongo. Sehemu ambazo zoezi lilizitumia sana ziliongezeka unene kidogo. Ni kama misuli ya mkulima na misuli ya mkimbiaji. Kila mmoja hupata nguvu pale anapotumia.

HURUMA SI KUBEBA MAUMIVU YA MWENZAKO

Sasa turudi kwa yule anayeuguza. Kwa nini upendo wake uligeuka kuwa hasira?

Yupo Mfaransa mmoja anayeitwa Matthieu Ricard. Alisomea elimu ya viumbe hai hadi kupata shahada ya udaktari. Kisha akawa mtawa wa dini ya Buddha huko milima ya Himalaya. Mwaka 2007 alikubali kuingia katika mashine ya kupima ubongo, akishirikiana na Tania Singer. Aliambiwa ayasikie maumivu ya wengine, basi, asiongeze kitu kingine. Alikuwa ameona filamu juu ya watoto wa Rumania waliotelekezwa katika kituo chao, wakiwa katika hali mbaya. Akawafikiria hao. Muda wa saa moja hivi ulipopita alikuwa hoi. Moyo ulimlemea.

Akaulizwa kama anataka kuendelea hivyo hivyo au kugeukia zoezi la kutakia heri. Akachagua kutakia heri. Watoto aliowafikiria walikuwa wale wale, na mateso yao yalikuwa yale yale. Lakini sasa alijisikia kutaka kuwasogelea na kuwakumbatia. Nguvu zilimrudia. Mashine nayo ilionyesha kwamba ubongo ulifanya kazi kwa namna tofauti.

Baadaye Singer na mwenzake Olga Klimecki walijaribu kwa watu wa kawaida. Waliwaonyesha filamu fupi za watu walio katika mateso. Wale waliofundishwa kuyasikia maumivu ya wengine walizidi kuwa na uchungu. Walipofundishwa kutakia heri, uchungu ule ulipungua, na hisia njema ziliongezeka.

Basi, ndugu msomaji, shika jambo hili. Kumwona mtu ametumbukia kisimani na wewe kutumbukia pamoja naye, hiyo si huruma. Mtakuwa wawili wa kuokolewa. Huruma ni kusimama imara pale juu na kumteremshia kamba. Unapomgeuza mgonjwa, usiseme moyoni, "Anaumia, anaumia, nami naumia." Sema, "Upate nafuu, mama. Uwe na amani." Na mikono iendelee na kazi.

JE, MTU HUBADILI MATENDO?

Maneno ya moyoni ni mazuri, lakini huruma huonekana kwa matendo. Huko Boston, Marekani, wataalamu walifanya jaribio na kulitangaza mwaka 2013. Palikuwa na chumba cha kungojea chenye viti vitatu. Viwili vilikwisha kukaliwa. Mshiriki aliingia akakaa kiti cha tatu. Kisha akaingia mtu mwenye magongo, akionyesha kuumia. Wale wawili wa kwanza walijifanya hawamwoni. Walikuwa wamepangwa hivyo.

Je, mshiriki angeinuka? Katika watu ambao hawakufanya mazoezi ya kutafakari, waliompisha mgonjwa walikuwa kama 16 katika kila 100. Katika wale waliofanya mazoezi kwa wiki 8, walioinuka walikuwa nusu. Ajabu ni kwamba hapa aina mbili za mazoezi zilitoa matokeo sawa.

Hata hivyo tusitie chumvi. Jaribio hilo lilikuwa la watu 39 tu. Mwaka 2018 wataalamu wengine walikusanya majaribio mengi ya namna hii na kuyapima upya. Walikuta kwamba huruma huongezeka, lakini kwa kiasi. Tena ilionekana kuongezeka tu pale ambapo mwalimu wa mazoezi alikuwa mmoja wa walioandika ripoti. Ni kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa wanafunzi wake mwenyewe. Na mwaka 2014 yalipimwa majaribio 47 yenye watu 3,515. Ilionekana kwamba kutafakari hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi. Hakukuonekana kuwa bora kuliko dawa au mazoezi ya mwili.

HATA KIJIJINI INAWEZEKANA

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya." Basi sikiliza habari za jirani. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini ya Uganda, wako wanawake waliokimbia vita Sudani Kusini. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo kwa ajili ya watu wenye dhiki kama yao. Wanawake walikaa katika vikundi vya watu 20 hadi 30. Walisikiliza sauti iliyorekodiwa katika Kiarabu cha Juba, na walitumia kitabu cha picha. Walikutana mara 5, kila mara kwa saa 2. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi.

Wanawake 694 kutoka vijiji 14 walishiriki katika jaribio hilo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Miezi 3 baada ya mafunzo, dhiki ya moyo ilikuwa imepungua zaidi katika vijiji vilivyopata mafunzo kuliko vile ambavyo havikupata.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hapa Tanzania. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Njia ni ile ile: kusikiliza pamoja na kutenda pamoja.

Moja ya mazoezi ya Rhino Camp linafaa sana wakati hasira inapopanda. Sukuma nyayo zako ardhini. Toa pumzi polepole. Nyosha mikono. Tazama vitu vilivyo mbele yako. Sikiliza sauti zilizopo. Kisha rudi kwenye kazi iliyo mkononi. Huhitaji kukaa wala kufumba macho. Unaweza kulifanya ukiwa mlangoni, kabla ya kumjibu mgonjwa anayeita.

MAMBO YA KUANGALIA

1. Mazoezi haya si badala ya dawa. Usiache dawa za shinikizo la damu, kifafa, kisukari au UKIMWI kwa sababu umejisikia vizuri.

2. Watu wengine wakifumba macho huona mambo mabaya yaliyowapata zamani. Ikiwa hivyo, fumbua macho, simama, tembea. Usijilazimishe.

3. Nenda zahanati kama hulali kwa wiki mbili, kama huna hamu ya kula, kama unasikia sauti zisizokuwapo, au kama unawaza kujiua. Usingoje.

4. Kutulia si kuvumilia kipigo. Anayepigwa aende kwa viongozi na kwa polisi.

5. Pumzi haiteki maji. Kama mtu mmoja anauguza peke yake mchana na usiku, familia ikae igawane zamu. Ndugu wanaume nao wana mikono ya kumgeuza mgonjwa.

ANZA HIVI

Wiki ya kwanza fuata pumzi, dakika 10 kila siku. Wiki ya pili ongeza kutakia heri. Wiki ya tatu tafuta mwenzi mmoja wa kusikilizana naye, dakika 5 kwako na dakika 5 kwake. Chagua saa moja isiyobadilika, kama vile baada ya kufunga mifugo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, nani wanauguza wagonjwa wa muda mrefu? Nani huwapokea kazi hata siku moja kwa wiki?

2. Kuna tofauti gani kati ya kubeba maumivu ya mtu na kumhurumia?

3. Kwa nini ni vigumu kumsikiliza mtu kwa dakika 5 bila kumpa ushauri? Jaribuni sasa hivi, wawili wawili.